Bi Hawa wa Hapahapa

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, nilimruka marehemu mmoja kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa na njaa. Najua wapo watakaocheka wakisoma hivi. Siku hizi hata mimi hucheka. Wakati ule sikucheka, na wiki nzima iliyofuata sikucheka.

Tulikaa Chatsworth, kitongoji cha Durban, mimi, mama yangu na Bibi. Bibi alikuwa mama yake mama, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mama alishinda kiwandani akishona sare za wauguzi, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Bibi. Naye hakuzaliwa Chatsworth. Alizaliwa Bluff, kwenye ule mgongo wa ardhi unaoikinga bandari ya Durban na mawimbi ya bahari kuu. Watu wetu wote walikaa huko mpaka serikali ya ubaguzi ilipoamua kwamba Bluff ni ya wazungu, ikawahamisha kwa malori. Nyumba zilivunjwa. Makaburi hayakuvunjwa, lakini hakubaki mtu wa kuyafyekea nyasi.

Watu wa Durban wanatuita Wazanzibari. Bibi alikuwa akisema jina hilo ni nusu ya habari tu. Wazee wetu walitekwa bara, upande wa Wamakua, wakakamatwa baharini na manowari za Waingereza pamoja na waliowabeba, wakakombolewa, wakapitishwa Unguja, na mwisho wakashushwa hapa Natali kufanya kazi za mkataba. Wengine walikuwa watoto wadogo wasiojua hata majina ya baba zao. Hao ndio waliolala kule Bluff, na wengi wao hawana jiwe lenye maandishi.

Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, Bibi alinichukua tukapanda taksi mpaka soko la Warwick. Akishanunua ubani kwa mama mmoja wa Kizulu aliyepanga mizizi na magome chini, tulipanda taksi nyingine ya kwenda Bluff. Getini alivua viatu. Kisha tulianza kusalimia, kaburi kwa kaburi, kwa mpango usiobadilika: kutoka getini, mkono wa kushoto, kuzunguka mti wa mfurusadi, kushuka mpaka uzio wa chini. Watu ishirini na saba. Kila mmoja na jina lake na kazi yake.

"Salamu kwako Mzee Faraji, mpishi wa hoteli. Salamu kwako Bi Salima, mkunga. Salamu kwako Mabruki, mbeba makaa ya meli."

Na sheria ilikuwa moja. Usimruke mtu. Uliyemruka, alisema Bibi, atakufuata nyumbani kuuliza kosa lake. Maalimu wetu wa madrasa alipolisikia jambo hili alimwambia kwa upole kwamba dini imetufundisha kuwaombea wafu wote kwa pamoja, na haya mengine hayamo kitabuni. Bibi alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, na Jumamosi iliyofuata tukaenda kama kawaida.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kuchoka. Shuleni watoto waliniuliza kila siku: wewe ni Mzulu, ni Mhindi, au ni nani? Sura yangu na jina langu, Rukia, havikukaa pamoja vichwani mwao. Sikuwa na jibu fupi, na mtoto anataka jibu fupi. Nilianza kuyaona yale makaburi kuwa ndiyo chanzo cha taabu yangu. Jumamosi ile jua lilikuwa kali, tumbili walikuwa wameiba ndizi tulizobeba, na Bibi alikuwa ameahidi kuninunulia sambusa tukimaliza. Aliniachia nimalizie peke yangu sehemu ya chini, naye akakaa kivulini. Nilipofika wa mwisho, kwenye pembe ya uzio ambako nyasi zilinifika kifuani na hapakuwa na dalili yoyote ya kaburi, nilijisemea: huyu hata hayupo. Nikageuka.

Sikupiga hatua tatu. Mguu wangu wa kulia ulizama shimoni, nikaanguka, na kitu chenye ncha kikanichana kwenye muundi. Nilimwambia Bibi nimejikwaa. Jumatatu nilikuwa na homa. Jumanne sikuweza kunyanyua kichwa. Mama aliniletea dawa kutoka kliniki, akaosha kidonda. Bibi alisubiri Mama aende kazini, akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Hakuuliza mguu unaumaje.

"Umemwacha nani?"

Nililia. Nikamwambia.

Hakunigombeza. Alinisimulia. Kwenye pembe ile alilala Bi Hawa, mfua nguo. Alishushwa melini akiwa mtoto mdogo asiye na ndugu, na alipoulizwa ni Hawa binti nani, Hawa wa wapi, alionyesha ardhi aliyosimama. Ndipo watu wakamwita Hawa wa Hapahapa. Alifua nguo za mabaharia maisha yake yote, mikono ikawa myeupe kwa sabuni. Hakuzaa. Bibi alimwona kwa macho yake alipokuwa mdogo kuliko mimi.

"Mzee Faraji ana wajukuu Chatsworth nzima," alisema Bibi. "Ukimruka, yupo atakayemwita. Hawa ana nani? Ana mimi na wewe. Na wewe umemruka."

Jumamosi iliyofuata, nikichechemea, nilirudishwa Bluff kumsalimia Bi Hawa peke yake. Homa ilikuwa imeshaondoka siku mbili kabla, lakini katika hesabu yangu ya mtoto iliondoka pale.

Mwaka huohuo, ilipokaribia Septemba, ofisi moja inayoshughulikia mambo ya kale iliamua kuifanya sikukuu ya taifa ya urithi kule Bluff, kwenye makaburi yetu. Wangeweka turubai na viti, wageni waje, watoto wa shule waje, historia yetu isomwe hadharani. Wazee walifurahi mno. Dada mmoja wa ofisi hiyo, mpole, mwenye miwani, alikuja mpaka nyumbani kumwomba Bibi majina ya waliozikwa. Bibi alikataa.

"Ukishawaandika," alisema, "watu watasema wameshawekwa vizuri, hawaendi tena. Majina yangu ni ya kwenda nayo kwa miguu."

Mama aliona aibu. Yule dada aliaga, akaondoka na ramani yake ya zamani ya makaburi.

Siku yenyewe tulifika mapema kusaidia matayarisho. Kutoka pale juu unaziona winchi za bandari na makontena yamepangwa kama matofali, na asubuhi ile upepo ulileta harufu ya mafuta na chumvi. Darasa langu lilikuwa limeshafika, limekaa kwenye mikeka pamoja na mwalimu. Mkongomani mmoja, Papa Byamungu, alikuwa amekodiwa kukata nyasi. Alikuwa kibarua wa maghala ya Clairwood siku za kawaida, na alifurahi kupita kiasi kuona wazee wa Durban wanaojua Kiswahili, ingawa yeye alicheka chetu na sisi tukacheka chake.

Ndipo lori likaingia na vyoo viwili vya plastiki. Yule dada alitazama ramani, akaelekeza kidole kwenye pembe ya chini. Kwenye ramani palikuwa peupe.

Nilimtazama Bibi. Alinyanyuka, akabeba kiti chake cha plastiki, akashuka nacho taratibu mpaka pembeni kabisa mwa uzio, akakiweka, akakaa. Akakunja mikono.

Yule dada alimfuata, akamweleza kwa Kiingereza, kwa heshima. Bibi alikijua Kiingereza sawasawa. Alitumia miaka thelathini kupika kwenye nyumba za wazungu. Siku ile alimtazama kama anayesikia ndege wakilia. Dereva alipiga honi. Papa Byamungu akaitwa kutafsiri.

"Mama, banasema utoke hapa. Iko choo inakuya."

Bibi alimjibu kwa Kiswahili kwamba amechoka, anapumzika. Nilielewa kwamba hatasema zaidi. Angeketi pale mpaka jioni, na wangemwona ni kizee mkaidi, na mwaka mwingine lori lingerudi palepale. Niliwaona pia wanafunzi wenzangu wakianza kucheka. Nilitaka sana mtu mwingine aseme.

"Hapo kuna mtu," nilisema kwa Kiswahili cha nyumbani. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia, kama ya Bibi. "Bi Hawa wa Hapahapa, mfua nguo. Nilimruka, nikaangukia hapo."

Papa Byamungu alitafsiri. Yule dada aliinama karibu nami, akauliza Hapahapa ni kijiji gani, kiko pwani ya Msumbiji au Tanzania? Papa Byamungu aliposikia alicheka, akapiga kiatu chake chini mara mbili. "Ni hapa! Apa tu!"

"Ramani haimwonyeshi," alisema yule dada. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anataka kunisadiki.

Basi nikapanda mpaka getini, nikavua viatu, nikaanza. Mzee Faraji, mpishi. Bi Salima, mkunga. Mabruki. Papa Byamungu alinifuata na reki, na kila nilipotaja jina alikwangua nyasi, na kila alipokwangua palitokea mstari wa mawe, au chupa zilizozikwa kichwa chini, au kome waliopangwa. Mara ya tano watu wakaacha kupanga viti wakaja nyuma yetu. Mara ya kumi mwalimu wangu naye alikuja, na darasa zima. Sikumtazama yeyote. Niliogopa kwamba nikitazama nitasahau.

Nilipofika kwenye pembe, Bibi alisimama, akasogeza kiti. Papa Byamungu aliweka reki kando, akapiga magoti, akang'oa nyasi kwa mikono. Ilichukua muda. Kisha akakaa juu ya visigino, akavua kofia.

"Eish," alisema polepole. "Iko mutu."

Lilikuwa duara refu la kome weupe, wamezama karibu wote. Upande mmoja palikuwa pamebomoka, pana shimo la ukubwa wa mguu wa mtoto.

Vyoo vilipelekwa nje, kando ya barabara. Yule dada alikuwa akifuta miwani. Mimi nilimwendea Bibi nikiwa na hakika kwamba nimevunja amri yake, nimetoa majina mbele ya watu wote, nikangoja.

"Umewasalimia kama mtu anayekimbilia taksi," aliniambia. "Rudia. Polepole."

Na tulirudia, wageni walipofika, yeye na mimi tumeshikana mikono, na watu zaidi ya mia nyuma yetu. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Tulipomaliza, yule dada aliomba tena ruhusa ya kuandika. Bibi alimpima kwa macho.

"Andika," alisema. "Lakini uwe unakuja mwenyewe."

Amekuja, kwa miaka mingi sasa. Majina yako kwenye vibao vya shaba, na lile la Bi Hawa limechongwa sawa na mengine. Bibi hayupo. Makaburi yale yalishafungwa zamani, hakuweza kuzikwa pamoja na watu wake, kwa hiyo mimi nina mahali pawili pa kwenda. Nafanya kazi kwenye ofisi ya meli kule bandarini, na nina rafiki daktari aliyenieleza vizuri kabisa kwamba kidonda kichafu huleta homa siku ya pili au ya tatu. Namwamini. Shimo nalo linaweza kuwa la fuko. Sijui kama wafu hufuata mtu nyumbani, na nimeacha kuwauliza watu wanaodhani wanajua.

Zamani nilimlaumu Bibi kidogo kwa kumtisha mtoto. Angeweza kunifundisha majina yale kwa upole, kama somo. Lakini masomo niliyofundishwa kwa upole mwaka ule, mito ya Afrika Kusini na milima yake, nimeyasahau karibu yote, na sioni haya kusema hivyo. Wale ishirini na saba nawajua kwa majina, kwa kazi na kwa mpangilio, na sijampoteza hata mmoja.