Kaseti ya Kwaya Yetu Sokoni Mbalizi

Wezi wa nyimbo ni watu wa ovyo, na hapa Uyole hakuna aliyewatukana kunizidi mimi. Kwaya yetu ilirekodi kaseti ili tuuze tuezeke kanisa mabati. Hatujauza hata nusu, nakala za wizi zikajaa Mbalizi. Mwalimu wetu wa kwaya, Lugano, akatukataza kuazimisha kaseti zetu.

Nikatii kwa kiburi. Mkwe wangu Ambakisye, mume wa binti yangu Tusekile, alipokuja naye akiwa na redio mbili, nilimwambia kaseti haitoki, asikilizie sebuleni kwangu. Akaziweka zikitazamana, moja ikiimba, nyingine kimya. Akaomba tusipige kelele. Nikasema moyoni, mkwe gani huyu mcha Mungu!

Jumamosi nikaongoza wanakwaya hadi Mbalizi, nikamvaa muuzaji, kijana Sikitu.

"Mwizi wewe! Unakula mabati ya kanisa! Mmeirekodi wapi?"

"Bibi, mimi nauza tu. Ilikorekodiwa sikujui."

"Ifungulie, watu wasikie!"

Akaifungulia. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, juu ya sauti za kwaya, mwanamke akabweka: "Tusekile! Mfukuze huyo kuku, mkwe wangu anasikiliza neno la Bwana!"

Ilikuwa sauti yangu. Ile redio iliyokaa kimya ilikuwa inarekodi, na mimi mpumbavu nimeipikia chai.

Lugano akainamisha kichwa. Sikitu akazima redio, akaniamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, bibi. Kumbe kiwanda chenyewe kiko kwako!"