Waliponinyang'anya Kamera Isansa

Hasira yangu bado mbichi, na asinipooze mtu. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kushika kamera ya filamu hapa Tunduma. Nimepiga filamu nzima barabarani, malori yananitimulia vumbi mpaka kwenye lenzi, na watu wakaitazama wakapiga makofi. Lakini ukitaka kujua wanaume wananionaje, nifuate msibani.

Rafiki yangu alikuwa amelazwa, amejifungua kwa upasuaji, hata kukaa hawezi. Ndipo mama yake akafariki kule Isansa. Akanishika mkono akilia. "Shoga yangu, mimi simziki mama. Nipigie video wewe. Nataka nimwone akishushwa, nimuage." Nikamwahidi.

Makaburini nikapanda kwenye kifusi cha udongo, maana pale ndipo shimo lote linaonekana. Baba mdogo wa rafiki yangu akanijia.

"Mama, shuka. Ukoo wetu, mwanamke hakanyagi udongo wa kaburi kabla jeneza halijaingia."

"Samahani, baba. Nimetumwa na binti yenu."

"Tumesikia. Shuka."

Nikashuka. Mila naziheshimu, ningepigia hata pembeni. Aa wapi! Akanichomolea kamera mikononi, akampa mpwa wake, eti naye hupiga video za harusi. Mimi nikaambiwa nikakae na wanawake wenzangu. Jamani! Nani hunyang'anywa jembe lake katikati ya tuta? Nikakaa kwenye mkeka natetemeka kwa hasira, na huku watu wakidhani ni uchungu wa msiba.

Kesho yake tukaifungua video pale kitandani. Diwani anashuka garini. Diwani anaweka shada. Mchungaji, mwenyekiti wa kijiji, diwani tena. Yule mpwa, kwenye harusi amezoea kuwafukuzia wageni wa heshima, na kaburini akawafukuzia vilevile. Diwani akawa anatoa pole, amejaa kioo kizima, nyuma yake wanaume wanainama na kamba. Alipomaliza kusema, udongo ulikuwa umeshajaa.

Rafiki yangu akarudisha nyuma. Akarudisha tena.

"Mama yuko wapi?"

Nilitamani kutukana. "Yuko hapo," nikamwambia. "Nyuma ya diwani."

Akaisimamisha picha, akaweka kidole juu ya bega la yule mheshimiwa, akawa analisukuma pembeni, taratibu, lisogee.