Mama Alikutwa Mzima

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya umma pale Lushoto, miaka ile tulipokuwa tukiitana ndugu mpaka ulimi unachoka. Mkuu wetu alikuwa ndugu, dereva wake ndugu, na mimi niliyempigia barua zake zote na kumrekebishia tahajia kimyakimya nilikuwa ndugu pia. Ila ndugu mmoja alikuwa na zulia, na sisi ndugu wengine tulifuta miguu mlangoni kabla ya kulikanyaga.

Mama yangu aliishi juu ya Mlalo, peke yake, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na shamba la maharage. Baba alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Miguu ikaanza kumvimba, akitembea hatua mbili tatu anahema. Mganga wa zahanati akaniambia waziwazi kwamba ni moyo, asiguse kazi yoyote, na apate mtu wa kukaa naye, kumpikia na kumchotea maji. Mtu huyo angekuwa nani kama si mimi? Likizo yangu ya mwaka nilikuwa nimeshaimaliza kwa kumzungusha hospitalini. Kwa hiyo nikaandika barua ya kuomba miezi miwili bila malipo.

Hapo naomba mnisikilize vizuri. Sikuomba mshahara, sikuomba mkopo, sikuomba gari. Niliomba nisilipwe. Nilidhani hilo ni ombi ambalo serikali yoyote ingelipokea kwa mikono miwili.

Kumbe wapi. Nisiwasingizie bure wakubwa, maana mama za wafanyakazi wa ofisi yetu walikuwa na tabia ya kuugua wote kwa pamoja mvua za kupandia zikianza. Karani wa masijala alishamzika bibi yake yuleyule mara mbili, na mara zote mbili tulimpa pole na yeye akaipokea kwa huzuni kubwa. Mkuu akachoka kudanganywa. Akaamuru kwamba tangu sasa kila mgonjwa wa mfanyakazi atahakikishwa kwa macho, na karatasi ya zahanati peke yake haitoshi, kwa sababu hata bibi wa karani alikuwa na karatasi.

Akatumwa afisa utumishi. Huyu alikuwa kijana wa Tanga mjini, nadhifu, mwenye viatu anavyovipenda kuliko jamaa zake. Alipanda basi hadi Mlalo, kisha akapanda mlima kwa miguu, maana gari halikufika kwa mama, na mvua ilikuwa imenyesha. Naambiwa alianguka mara mbili njiani. Kusema kweli nilifurahi kusikia hivyo.

Sasa lazima mumjue mama. Yeye alikuwa Mshambaa wa zamani. Kwao mgeni hasalimiwi kutoka kitandani, na mtu akikuuliza hali humwagii magonjwa yako mlangoni kabla hajakaa. Aliposikia shikamoo uani akainuka, akajifunga khanga, akatoka, akaitikia marahaba. Akamuuliza habari za kwao, za wazee wake, za mkewe, za njia, za mvua. Alipoulizwa za kwake akasema yeye ni mzima, anamshukuru Mungu, hofu ni kwenu mnaosafiri. Bwana yule akatoa kalamu, akaandika. Alikwenda kupima ugonjwa kwa salamu!

Hakuishia hapo. Mama akamwomba jirani, mwanamke wa nyumba ya chini, amkamatie kuku. Jirani akamsihi alale, yeye atapika. Mama akakataa, akasema mgeni amekuja kwake, si kwa jirani. Akakaa jikoni, akapika kuku, akasonga ugali, akishikilia ukuta kila anapoinuka. Mgeni yuko sebuleni anasafisha viatu. Akala, akashukuru, akafungiwa na matunda ya pichesi ya kurudi nayo.

Kesho yake aligawa zile pichesi ofisini, meza kwa meza. Na mimi nilipewa moja. Taarifa yake ilikuwa fupi: mgonjwa amemkuta mzima, mchangamfu, tena amempikia.

Mkuu akaandika kwa mkono barua ya kunikatalia, na kwa kuwa mpiga chapa alikuwa mmoja tu, akaniletea mimi niipige. Nikaipiga. Nakala mbili, moja ya faili. Niliandika kwamba ombi langu halikuwa na ukweli na kwamba natakiwa nijirekebishe, nikaweka nukta na mikato yote mahali pake, na pale alipokosea tahajia nikamsahihishia. Mpaka leo najiuliza nilikuwa na akili gani. Ningeichana basi, au ningekosea hata neno moja. Lakini nilikuwa nimezoea kusifiwa kwa kazi safi.

Jumamosi tulipofunga nikapanda kwa mama. Nilimkuta kitandani, uso umevimba, hawezi kukaa bila mto mgongoni. Nilikuwa na hasira naye, nayo nikaitoa. Nikamuuliza kwa nini alimwambia yule mtu kuwa ni mzima, na mimi nilikuwa nikiomba nije nimtunze.

Alinitazama kama mtu asiyenielewa. Akasema, "Mwanangu, mtu kapanda mlima wote ule kwa miguu, nimwambie naumwa? Angekula nini?"

Nikamwambia nitabaki, kazi na waichukue. Akakataa katakata, akasema yeye hatanifukuzisha kazi, na Jumapili mchana akanihimiza niwahi basi. Nikamtii. Jumatano jirani alituma neno kwa kondakta wa basi la asubuhi kwamba mama hayupo tena.

Hapo sasa ofisi ikaamka. Likizo ya msiba ilitoka kabla sijamaliza kulia, na ilikuwa ya malipo kamili. Lori likatolewa. Hakuna aliyetumwa kwanza kuhakikisha kwa macho. Mkuu mwenyewe akaja, na mbele ya mchungaji na waombolezaji akasema ofisi ilikuwa bega kwa bega na ndugu yetu huyu katika kipindi chote cha kuuguza. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Kisha akasimama afisa utumishi. Alikuwa analia, tena machozi ya kweli, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema, "Mama huyu alikuwa mkarimu. Kuku aliyenipikia, sijapata kula chakula kitamu kama kile."

Jirani alikuwa amekaa karibu nami kwenye mkeka. Akaniinamia, akaniambia kwamba tangu siku ile ya mgeni mama hakuingia tena jikoni. Alitoka pale akashikwa mkono hadi kitandani, basi. Kwa hiyo mtu wa mwisho kula chakula cha mama yangu alikuwa yule bwana wa viatu. Nilimchukia, na sioni aibu kusema. Mimi nilimpikia mama mara mbili tu, Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi, na mara zote mbili ulikuwa uji.