Nyumba Tatu za Gaspari

Saa kumi na moja na nusu alfajiri pikapu imeshaiacha Misigiri nyuma, inapandisha kuelekea Kiomboi. Nyuma imebeba magunia matupu ya vitunguu. Mbele, katikati ya miguu ya Gaspari Kitundu, kuna kopo la rangi nyeusi, chupa ya tapentaini na brashi tano zilizofungwa kwa kitambaa.

Gaspari ana miaka sabini na kazi yake ni kuandika mabango. Leo anakwenda Nduguti, kwenye ukumbi mmoja mpya, kuandika majina ya wabunge wote waliowahi kuliwakilisha jimbo tangu Uhuru. Karatasi yenye majina iko mfukoni mwa shati. Ameshaisoma mara nyingi, na kila akifika mwaka 1975 anaikunja.

Mkewe, Elizabeti, hakumtakia safari njema asubuhi hii. Alimwambia kwamba njiani atapita kwa mzee Chediel, na safari hii asijifanye amelala garini.

"Amesema nisipomwambia Chediel leo, nisirudi," Gaspari anamwambia dereva na mgeni mwenye daftari aliyeketi kati yao.

Dereva, Elisha, ni mtu wa makamo mwenye maneno yake. "Basi baba, chakula chako cha jioni kinategemea mdomo wako mwenyewe."

Gaspari hacheki. Anatazama nje, ambako alizeti zimeanza kuonekana.

Jambo lenyewe lina miaka hamsini. Enzi za chama kimoja, jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa chama hichohicho. Mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Asiyejua kusoma anaangalia picha, anaweka alama yake, anakwenda zake.

Wagombea walitembezwa pamoja. Walipanda Landrova moja, wakasimama jukwaa moja, na jioni wakanawa bakuli moja na kula ugali sahani moja. Gaspari alikuwemo humo, kijana wa miaka ishirini, kazi yake kubeba vitambaa viwili vyeupe vya marekani alivyovichora mwenyewe. Kimoja cha jembe, kimoja cha nyumba.

"Siku hizi kila mmoja na msafara wake na spika zake," anasema. "Zamani mbunge ulijua anakaa wapi, na ng'ombe wake wanakunywa maji wapi. Ukimkosea unakutana naye kisimani."

Mwenye alama ya nyumba alikuwa Chediel Gunda, mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na mitatu. Hakuna aliyebisha kwamba alikuwa anajua kusema. Vijiji vya juu vilimtaka, vya chini vilimtaka. Kura zilipohesabiwa, jembe lilimwacha mbali sana.

Kwa nini? Gaspari anajua. Aliambiwa achore nyumba moja. Yeye alikuwa ameona picha ya ukutani kwenye ofisi ya chama, nyumba za mabati zimepangwa mstari, zinapungua kadiri zinavyokwenda mbali. Akataka kuonyesha kwamba na yeye anaweza. Akachora nyumba tatu za mabati, moja nyuma ya nyingine.

Mkubwa mmoja alimpiga begani, akamwambia ana mkono mzuri.

Lakini mwaka mmoja tu kabla ya hapo, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walikuwa wameng'olewa kwenye matembe yao, nyumba za udongo zenye paa bapa, na kupelekwa kuishi kwenye mistari ya nyumba. Walioona kile kitambaa hawakuona mgombea. Waliona mstari. Visimani wanawake wakaambiana kwamba anayepigia nyumba kura anahamishwa tena. Karatasi ya kura ilikuwa na nyumba moja tu, lakini ilikuja wakati neno limeshafika.

"Nilisikia siku ya pili ya safari," anasema Gaspari. "Ningeweza kukichora upya. Niliona haya kusema nimekosea, maana nilikuwa nimesifiwa."

Tangu hapo amekuwa akipita nyumbani kwa Chediel bila kusimama. Ameandika maduka, shule, zahanati, hata misalaba ya makaburini. Zamani alikosa muda wa kulala. Mwaka jana alipata mabango manne tu. Watu wanachapisha ya plastiki Singida mjini. La leo atalipwa shilingi elfu themanini, na macho yake yanamwambia huenda likawa la mwisho. Njia hii hatakuwa na sababu tena ya kuipita.

Pikapu inasimama kabla ya kufika Nduguti. Chediel yuko uani, anakaza kamba kwenye mzinga wa nyuki. Ana miaka themanini na tatu, amevaa sweta ingawa jua limeshatoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Gaspari wa rangi. Leo umepotea njia?"

Wanajuliana hali kwa Kinyiramba, kwa kirefu: mvua, watoto, magoti. Kisha wanarudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya mgeni aliyekuja na daftari. Gaspari hakai kwenye kigoda anachopewa.

"Mwalimu, zile nyumba nilizichora tatu. Niliambiwa moja. Nilitaka sifa. Ubunge wako niliupoteza mimi."

Chediel anamaliza fundo lake kwanza.

"Jioni ya siku ya kura nilikuja hapa kwa mama," anasema. "Nikamwuliza, mama, umenipigia? Akaniambia, mwanangu nakupenda, lakini mimi sihami tena."

Anaweka mzinga chini.

"Alipigia jembe. Mama yangu mzazi. Sasa wewe ungekuwa nani hata nikukasirikie? Kilichoniudhi ni miaka hamsini unapita hapo barabarani husimami. Nilisema huyu anaringa, ameshakuwa fundi mkubwa."

Elisha anageuka kuangalia magunia yake. Gaspari anakaa kwenye kigoda.

"Rangi ipo?" anauliza Chediel.

"Ipo."

"Nichoree moja. Moja tu. Na iwe tembe."

Gaspari aliichora kwenye ubavu wa mzinga, paa bapa, mlango mmoja. Akafika Nduguti amechelewa kwa saa mbili.

Bango lilikamilika Alhamisi. Jina la Chediel halimo, kwa kuwa hakushinda. Aliyeshinda mwaka ule alikaa bungeni, akarudi kulima, na ameshafariki. Wilaya iligawanywa, na Nduguti sasa ni makao makuu ya wilaya ya Mkalama. Elisha alirudi na magunia ishirini na mawili ya vitunguu. Kitambaa cha nyumba tatu Elizabeti alikifua zamani zile mpaka nyumba zikafutika, akakitumia kumbebea mtoto wao wa kwanza. Mzinga umetundikwa, na nyuki wameingia. Gaspari alikula chakula chake cha jioni. Anapanga kurudi kwa Chediel wakati wa kurina asali, na kukaa siku mbili.

Mama yake Chediel alifariki mwaka 1983. Hakuhamishwa tena.