Karti ya Baba na Bugali ya Mama

Baba yangu aliacha kula na wanaume wenzake kwa sababu ya karti. Nikisema hivi mbele ya wajukuu wangu wanacheka, wanafikiri bibi ameanza kuchanganyikiwa. Wacheke tu. Siku hizi kila mwenye suti na sauti kubwa hapa Baraka, kando ya ziwa, anataka kura yangu, ananiletea kilo ya chumvi na picha ya uso wake, kisha haonekani tena mpaka uso wake uzeeke. Wanafikiri wanaweza kunifundisha siasa. Mimi niliiona siasa ikizaliwa, na ilizaliwa jikoni kwetu.

Kitambo kile, miaka ya hamsini, kila kijiji chetu cha Wabembe kilikuwa na lubunga. Ni paa juu ya miti, bila kuta, moto katikati, na wanaume wamekaa pande zote wakijiona wakubwa. Mwanamke haingii. Kila mke anapika, anapeleka sahani ya mume wake, anaiweka pembeni, anarudi zake. Wanaume wanakula pamoja, na wakiwa wanakula ndipo wanaamua mambo: nani ataoa, nani amekosa, nani atalima wapi. Mtu ambaye sahani yake haifiki, neno lake pia halisikiki. Hakuna aliyeandika sheria hiyo wala aliyeisahau.

Baba alikuwa karani katika biro, yaani ofisi ya serikali. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya kuonekana. Basi akasikia kwamba Wabelgiji wanatoa karti, yaani kadi ya serikali, kwa weusi waliostaarabika, wale walioitwa évolué, na tangu siku hiyo hatukupumua. Mwenye karti hachapwi fimbo. Mwenye karti anakunywa divai kama Mzungu. "Na pensheni," baba alisema, "ya mwenye karti haiwezi kupotea." Pensheni ndiyo ilikuwa ugonjwa wake. Alikuwa bado kijana, meno yote mdomoni, lakini alikuwa anaogopa uzee kama vile unamngoja mlangoni.

Sasa, ili upate karti, watu wa tume walikuja nyumbani kwako kuangalia unavyoishi. Waliangalia choo, mapazia, shuka. Juu ya yote walitaka kuona kwamba unakula mezani, na mke wako, na watoto wako, kwa uma na kisu. Kula lubunga, machoni pao, ilikuwa ushenzi.

Mama hakuwa na neno juu ya mapazia. Neno lake lilikuwa moja, nalo ni shamba. Tulikuwa na shamba ng'ambo ya mto Mutambala, udongo mweusi, na muhogo wetu wote ulitoka pale. Lilikuwa la ukoo. Baba alipewa kulima, yaani mama alipewa kulima. Na kaka mkubwa wa baba, tuliyemwita baba mukubwa, mtu wa tumbo na maneno, alikuwa analitamani kwa ajili ya mtoto wake wa kiume. Mashamba yaligawiwa kule lubunga.

"Baba wa batoto," mama alisema, "ukiacha kula kule, nani atasemea shamba? Mi nitalima wapi? Juu ya karti?"

"We hauelewe maendeleo."

"Naelewa muhogo."

Baba akatoka kwenda kununua kitambaa cha meza.

Tume ikaja kutoka Fizi: Wazungu wawili, na mweusi mmoja mwenye karti yake tayari, ambaye alikuwa mkali kuliko Wazungu wote wawili. Walifunua masufuria. Walikunja shuka wakazikunjua. Chooni walikaa sana, wakatoka wameridhika. Sijaona tena watu wakifurahia choo cha mwenzao namna ile. Kisha tukaambiwa tukae mezani tule, wao watazame.

Shida ikawa baba mukubwa. Alisikia kuna maonyesho kwa mdogo wake, akaja akakaa barazani, mlango wazi, macho ndani. Na kwetu mwanamke hafungui mdomo kula mbele ya kaka mkubwa wa mume wake. Ni haya kubwa, ni afadhali utembee uchi. Mama alishika uma, akautazama uma, uma ukamtazama. Sisi watoto tulikula. Baba alikula na jasho likimtoka. Mama, hata punje.

"Kwa nini mama hali?" Mzungu mmoja aliuliza.

"Ana mimba," baba alijibu haraka.

Mzungu akatabasamu, akaandika. Hakukuwa na mimba yoyote. Lakini habari ilifika kwa masista, nao wakatuma soksi za mtoto, za sufu, nzito, katika joto hili la ziwa! Mama alishukuru sana. Alizitumia miaka mingi kuteremsha sufuria motoni.

Karti ikafika. Baba akaitengenezea fremu, akaitundika ukutani, na sisi tukakatazwa kupiga chafya upande ule. Kuanzia hapo hakukanyaga tena lubunga. Kila adhuhuri alitoka biro, akavua kofia, akakaa mezani, akapigana na chakula. Umeshajaribu kula bugali ya muhogo kwa uma? Jaribu, kisha uniambie maendeleo ni nini. Inanata kwenye uma, inakataa kutoka, na ndagala, vile visamaki vyetu vya ziwani, zinakimbia upande wa pili wa sahani. Tulikula kimya, maana évolué hasemi akiwa anatafuna. Kicheko cha wanaume kilikuwa kinatufikia kutoka lubunga, na mimi nilikuwa naona masikio ya baba yanavyogeuka kule. Alikuwa anatamani, maskini. Nilimhurumia, na bado nilitaka kumcheka.

Kitu ambacho hakukijua, na kijiji kizima kilikijua, ni kwamba mama alikuwa anapika mara mbili. Kabla baba hajatoka biro, mama alishapeleka lubunga sahani ya baba ya bati yenye ukingo wa buluu, imejaa bugali, na bakuli ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, pembeni.

"Hii ni ya bwana yangu," alikuwa akisema.

"Na yeye mwenyewe iko wapi?" baba mukubwa aliuliza kila siku, huku ameshanawa mikono.

"Iko na kazi, shemeki."

"Kazi ingine hiyo! Haya, weka."

Na kila mara baba mukubwa alipotaka kuanza habari ya shamba la ng'ambo ya Mutambala, mkono wake ulikuwa ndani ya sombe yetu. Alikohoa, akaahirisha. Hata mtu wa tumbo ana haya kidogo kumnyang'anya mtu shamba huku anatafuna muhogo wake. Miaka ikapita hivyo, baba mezani na uma, sahani yake lubunga, na mama katikati, mgongo unamuuma.

Halafu dunia ikaanza kutikisika. Bei ya pamba ilianguka. Watu walikuwa wameilima kwa kulazimishwa, wakiilaani kila asubuhi, na sasa haohao wakalia kwamba haina bei. Habari za uhuru zikaingia, kila mtu na zake. Mtu aliyetoka Uvira alisema kodi itakwisha. Mwingine akashuka kutoka Nundu na kuapa kwamba franka itakuwa karatasi ya kufungia samaki. Dukani kwa Mgiriki bamama walipigania chumvi mpaka ikaisha, na sisi wa huku, kutoka Lubondja mpaka ziwani, tukakaa na magunia ya chumvi ndani ya nyumba bila kitoweo cha kutia hiyo chumvi. Woga ule niliuona tena mara nyingi maishani. Huja kwanza kwenye chumvi.

Baba aliacha kula vizuri hata kwa uma. "Wakienda, nani atanilipa pensheni?" Alitaka uhuru, nisimsingizie. Ila alitaka Wabelgiji waende mwanzo wa mwezi, warudi siku ya mshahara.

Ikatangazwa kwamba patakuwa na kura ya kuchagua washauri. Wanaume tu ndio watapiga. Baba akapiga hesabu yake: wakiondoka Wazungu, watakaokaa kwenye viti ndio watakaoshika pensheni. Akajitolea kugombea. Akafanya mkutano wake wa kwanza uwanjani, nusu Kifaransa, nusu kikohozi. Walikuja watoto, mbuzi, na mlevi mmoja aliyepiga makofi mahali si pake.

"Hawakuelewa," baba alisema aliporudi.

"Hawakuja," mama alisema.

Hapo ndipo baba alipojua kwamba hakuna kura nje ya lubunga. Wanaume wale waliamua kitu kimoja wote, kama walivyokula. Nikamwona anavaa koti, anatoa karti ukutani na fremu yake, anaiweka kwapani, anakwenda. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepelekwa kuchapwa. Nilijua anachoogopa: wamwambie kiti chake kilishajaa, na shamba wampe mwingine papo hapo. Mimi na mama na bamama wengine tulikuwa tunatwanga sombe nyuma ya lubunga. Nyumba isiyo na kuta haina siri. Mitwangio yote ilinyamaza.

"Karibu," baba mukubwa alisema. "Unavaa koti juu ya nini? Iko baridi?"

"Bandugu," baba alianza, "najua niliwaacha siku mingi..."

"Ulituacha? Nani alikuambia? Sahani yako haijakosaka hapa hata siku moja. Sogea, kula, iko moto."

Baba akaitazama ile sahani. Aliujua ukingo wa buluu.

"We mwenyewe hatukujue tena muzuri," baba mukubwa aliendelea, mdomo umejaa. "Lakini sombe yako tunaijua. Kama bangeruhusu bamama, tungemupigia kura bibi yako. Bazungu bamekataa. Basi tutakupigia we."

Wakacheka mpaka moto ukapepea. Baba naye akacheka, lakini alichelewa. Karti aliiweka chini, kwenye majivu, akanawa mikono.

Walimchagua kweli, wote. Siku ya sherehe alisimama juu ya kiti, koti, kalamu mbili, na karti imepanguswa majivu. Akamshukuru Mungu. Akawashukuru mapadri waliomfundisha, na biro iliyomkuza. "Na zaidi ya yote," alisema huku akiinua fremu juu, "nashukuru hii karti, ambayo iliwafungua macho mukajua mutu wa kweli ni nani." Wanaume wakapiga makofi, baba mukubwa kuliko wote, maana pombe ilikuwa bado haijagawiwa.

Mama alikuwa nyuma, na mtungi wa pombe kichwani. Nilimtazama. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, na hata leo, mzee kama nilivyo, nikikumbuka nawaka tena. Yeye aliteremsha mtungi, akapiga kigelegele kama bamama wengine, akagawa pombe.

Kesho yake adhuhuri baba alitoka biro, akavua kofia, akakaa mezani. Kitambaa kilikuwa kimetandikwa. Uma ulikuwa kushoto, kisu kulia, kama tume ilivyotaka. Katikati ilikuwa sahani, na juu ya sahani ilikuwa karti, nje ya fremu, imelazwa vizuri.

"Hii ni nini?" baba aliuliza.

"Chakula," mama alisema. "Si ndiyo ilikupa kura? Sasa ikulishe."

Mdogo wangu alianza kucheka, nikamkanyaga mguu.

"Na bugali?"

"Iko lubunga, mahali kura zilitoka. Ukiwa na njaa, njia unaijua."

Nilingoja amkemee. Nilingoja hata ainue mkono, maana waheshimiwa wameanza siku nyingi kuinua mikono. Hakufanya hivyo. Alichukua kofia, akaenda. Alirudi jua limelegea, ananuka moshi na ndagala, vidole vinang'aa mafuta, na kusema kweli sikuwa nimemwona na furaha namna ile tangu nizaliwe.

"Nimesema juu ya shamba," akamwambia mama. "Mbele ya wote. Kaka yangu ameshindwa kunijibu. Usiogope tena, limebaki langu."

"Langu," mama akarudia polepole, akimtazama.

"Langu kabisa."

Mama akacheka, kicheko chake kile kifupi cha puani. Akaitoa karti kwenye sahani, akaosha sahani, akairudisha rafuni. Na asubuhi, kabla jua halijatoka mlimani, alichukua jembe akavuka Mutambala kwenda kulima shamba la baba.