Kompyuta Iliyonisalimia

Juzi kazini nilimwona kijana mmoja akiandika amri kwenye skrini nyeusi, ili kompyuta imsalimie kwa jina kila anapoiwasha. Nikaikumbuka ofisi ya Baba pale Homa Bay, iliyonukia vumbi na omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa nje.

Baba alikuwa karani. Nilipotoka shule aliniwashia mashine, ikanguruma, kisha herufi za kijani zikatokea: "Amosi, Atieno." Nakusalimu, Atieno. Niliamini kwamba mashine ilinifahamu, na kwamba ilijua Kijaluo.

Tulipomzika Baba kijijini kwetu Uriri, nyumba yetu ilinyamaza. Alasiri moja nikaenda ofisini peke yangu, kwa maana nilidhani mle bado yumo mmoja anayenijua. Karani mpya, Bi Salma, mama kutoka Mombasa, aliniwashia mashine. Zikatokea herufi chache tu, bila jina langu.

"Mbona hainisalimii?"

"Nilibadilisha mipangilio, mwanangu. Ilikuwa ikisemaje?"

Nikamwambia. Akafungua faili ambayo mashine huisoma inapoamka, akaandika polepole huku akiniuliza herufi, akaizima na kuiwasha tena. Salamu yangu ikatokea, kijani kile kile.

"Haya, yakusalimia!" alisema kwa furaha.

Lakini nilikuwa nimeviona vidole vyake. Leo najua ulikuwa mstari mmoja tu wa amri. Siku ile nilielewa jambo moja tu: aliyekuwa akinisalimia siku zote ni Baba.