Niliuza kanga za mtani wangu akiwa safarini

Nimekosa. Naanza na hilo kabla ujasiri haujaniishia. Nimemkosea mtu ambaye sijawahi kumwona kwa macho, na kosa lenyewe nililifanya kwenye simu, huku nacheka. Mkimaliza kusoma mtasema, "Mambo ya mchezo hayo, dada!" Semeni tu. Hata mimi nilijiambia hivyo siku ya kwanza.

Mimi ni mwanamke wa Tabora, naishi Gongoni, nina meza ya karanga na asali karibu na stendi. Ni Mnyamwezi kwa baba na kwa mama. Wanaonijua wanaujua mdomo wangu: mteja akipita bila kununua namtania mpaka anarudi mwenyewe. Siku hizi akipita namwacha apite. Akiuliza bei namtajia, akiondoka ameondoka. Sina hasira, sina huzuni, sina chochote. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu, unajua ni wako lakini huusikii.

Basi kuna mchezo fulani wa simu, sitautaja jina. Unatengeneza mtu wako, unampa nyumba, anapika, analala, anakwenda kazini. Katikati ya mji wa humo kuna soko, na vizimba vya soko ni vya wachezaji wenyewe. Unapanga bidhaa zako, unaweka bei yako, na wanaokuja kununua ni watu wa kweli walioshika simu zao huko waliko. Nilianza kuucheza kipindi cha masika, mvua inanyesha na meza yangu haina mtu. Nikapata kizimba. Na unajua niliuza nini humo? Asali! Mtu hakimbii asili yake.

Kizimba cha ubavuni kwangu alisimama mwanamke mwenye gauni la njano. Nikamwandikia salamu. Akajibu kwamba yeye ni mwanaume, Mzaramo wa Kisarawe.

Mzaramo! Nilipiga ukelele pale stendi mpaka mwenye maji ya chupa akageuka.

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kupita kwao. Mtani unamtukana, unamvua kofia, unamchukulia kuku wake mchana kweupe, na hana ruhusa ya kununa. Akikitaka chake anakikomboa kwa chochote, sahani ya wali, hata soda. Mtani hakasirikiwi. Nimekulia katika hilo na sikuwahi kulitilia shaka.

Siku hiyo hiyo tukaanza. Yeye akaniandikia, "Mpagazi, tua mzigo upumzike." Mimi nikamjibu, "Mwanaume mzima unavaa gauni! Ngoma zimekumaliza akili?"

"Acha tu, mtani," akasema.

Hilo gauni nililitania karibu kila siku. Jibu lilikuwa lile lile, acha tu, mtani. Nikajua ameishiwa maneno. Nilijiona bingwa!

Alikuwa anauza kanga. Kwenye ule mchezo unaweza kuchora kitambaa chako mwenyewe kwa kidole, rangi unazotaka, maneno unayotaka. Kanga zake zilikuwa nzuri, jamani, nzuri! Moja ilikuwa na vikombe vyekundu pembeni, imeandikwa "Kaa, chai ipo jikoni." Nyingine ya njano yenye majani ya mpapai, imeandikwa "Leo nimeamka vizuri." Nilikuwa naingia kizimbani kwake kuzisoma tu.

Lakini bei sasa! Kanga moja ilikuwa ghali kuliko nyumba ya ghorofa ya mle mchezoni. Watu wakija, wakisoma bei, wanacheka na kuondoka. Tulikaa ubavu kwa ubavu zaidi ya mwaka na sikumwona akiuza hata moja. Mimi, mtoto wa mama muuza asali, nikawa naona aibu kwa niaba yake.

"Mtani, punguza bei! Biashara ni kuuza, siyo kutazama!"

"Ziache hapo hapo," akasema. "Hazili."

Nikacheka wiki nzima. Nikawahadithia wenzangu wa stendi kwamba kuna Mzaramo mmoja amefungua duka la kutazama.

Sasa mle sokoni kizimba kisipofunguliwa kwa muda kinachukuliwa, anapewa mwingine. Kwa hiyo watu hupeana funguo, mmoja akisafiri mwenzake anamfungulia. Siku moja Mzaramo akaniandikia, "Mtani, naenda nyumbani Kisarawe, mtandao wa kule ni wa shida. Shika ufunguo, uniangalizie kizimba."

Nikamwambia, "Unampa fisi bucha?"

Akacheka. Naapa alicheka. Akasema, "Nakuamini."

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa furaha, Mungu anisamehe! Sikuwaza kuiba. Niliwaza utani. Niliwaza nimteke kizimba kama mtani anavyoteka kuku, nimuuzie kanga zake zote, akirudi nimkabidhi mapato yote na kumwonyesha kuwa Mnyamwezi ndiye anayejua biashara, kisha nimdai wali wa nazi. Niliuona uso wake akicheka. Uso ambao sikuwahi kuuona!

Nikabandika tangazo mlangoni: "Kizimba kimetekwa na Mnyamwezi. Mwenyewe aje na wali akikomboe." Nikashusha bei mpaka chini kabisa. Nikawaita watu. Walikuja! Soko zima lilihamia kwake. Niliuza karanga kwa mkono mmoja na kanga kwa mkono wa pili, na karanga nikakosea kupima kwa kicheko. Jua halijaanza kushuka, kizimba kilikuwa cheupe.

Ile ya njano ilitoka ya kwanza kabisa.

Alirudi mchana mmoja, niko mezani kwangu, nimetoka kumhudumia mama mmoja wa Nzega. Nikaona kwenye simu yule mwanamke wa gauni la njano ameingia kizimbani. Akasimama katikati. Hakusogea.

Nikamwandikia haraka haraka, "Mzaramo! Wali uko wapi?"

Kimya.

"Usinune, pesa yako yote iko kwenye sanduku! Umetajirika!"

Halafu akaandika, "Zote?"

"Zote, mtani! Biashara siyo ngoma!"

"Hata ya njano?"

"Hiyo ndiyo waliigombania!"

Nilikuwa bado nacheka mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kufungia karanga za mteja kwenye gazeti, ujumbe ukaingia, nikausoma nimeshika gazeti.

Aliandika kwamba zile kanga alizichora mke wake. Aliugua, akalazwa, akawa hawezi kushika kitu kizito kuliko simu. Kila siku aliyopata nguvu alichora moja. Yule mwenye gauni la njano ni yeye mkewe, alijitengeneza hivyo, na kizimba kilikuwa chake. Alipofariki, mume hakuweza kukifunga. Aliziwekea kanga bei ambayo hakuna mtu angeimudu ili ziendelee kuning'inia pale alipozipanga. Kisarawe alikwenda kwenye dua yake ya kila mwaka.

Mteja akasema, "Dada, karanga zangu."

Nikampa karanga zake. Nikamrudishia chenji, tena sahihi. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kwamba chenji ilikuwa sahihi.

Nikaandika, "Nisamehe." Nikafuta. Nikaandika, "Sikujua." Nikafuta. Yeye akatangulia.

"Basi. Mtani hakasirikiwi. Umefanya kazi yako."

Akatoka.

Ndugu zangu, angenitukana! Angeniita mwizi, mshenzi, mwanamke asiye na haya! Ningelia, ningejitetea, tungegombana, mwisho tungepatana. Lakini alishika mila, na mila haimruhusu. Ameumia na haruhusiwi kukasirika. Na mimi nitaombaje msamaha wa kosa ambalo kimila halipo? Hapo ndipo nilipoganda.

Nikaanza kuzitafuta. Nilimfuata mnunuzi mmoja mmoja mle mchezoni. Wengine walinirudishia bila neno, Mungu awabariki. Mmoja alikuwa ameikata kanga akamtandikia paka wake wa mchezoni. Mwingine aliniambia, "Bei yake ya zamani ilikuwa ngapi? Lipa hiyo." Wengine hawaingii tena. Ya njano sikuipata. Nilizopata nikazitundika, chache, nikabaki nazitazama. Nimepita pale zaidi ya mwaka na sikumbuki ipi ilikuwa kushoto na ipi ilikuwa kulia!

Nikaenda Itetemia kwa shangazi yangu kuchukua karanga. Shangazi ni Mmoraviani wa zamani, mambo ya simu hayajui wala hayataki. Nilimkuta ukumbini anabangua karanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Nikamweleza. Mwanzo alicheka, aliposikia nimeteka kizimba cha Mzaramo. Alicheka sana, akapiga na makofi. Nilipofika kwenye dua, mikono yake ikasimama.

"Sisi tuliwatania misibani," akasema. "Mimi mwenyewe nimejilaza mlangoni, nimesema jeneza halipiti mpaka nipewe kuku. Wafiwa wakacheka na machozi yao. Lakini nilikuwa nimeshalia nao kwanza. Nilikuwa namjua marehemu."

"Mimi sikujua kama kuna marehemu."

"Huyo mkewe aliitwa nani?"

Nikainama kuokota maganda.

"Mmekaa majirani zaidi ya mwaka," akasema shangazi. "Ulimuuliza nini mwaka mzima?"

Akaanza kubangua tena, na mimi nikakaa nikabangua naye. Tukaendelea mpaka gunia likajaa.

Niliendelea kukifungua kizimba chake kila siku kwa ule ufunguo, kisichukuliwe. Watu wakija kuuliza bei nawaambia haziuzwi. Wananicheka kama nilivyokuwa namcheka yeye. Wala hainiumi. Ningependa iniume.

Juzi juzi alikuja. Gauni la njano likaingia kizimbani, likasimama mbele ya zile kanga chache. Moyo ulikuwa kimya tu. Sikumwita Mzaramo. Sikumtania. Niliandika lile swali la shangazi.

"Mtani, mkeo aliitwa nani?"

Nilisubiri. Wateja wawili walikuja mezani, nikawaacha wasimame.

Akaandika, "Leo ndiyo unaniuliza."

Kisha akaandika tena. "Ungeniuliza zikiwepo ningekuonyesha moja moja. Ningekwambia hii alichora amekula, hii alichora amekataa kula. Nilikuwa natamani mtu aniulize. Sasa nianzie wapi, mtani?"

Akazishusha zile chache nilizozirudisha. Akasema, "Asante kwa hizi." Sikusikia kejeli ndani yake. Ufunguo ukatoka kwenye simu yangu. Akaondoka, na siku zilipopita kizimba kikachukuliwa, akapewa kijana anayeuza viatu. Kijana mwenyewe ni mchangamfu, alinisalimia vizuri.

Mimi bado nina meza yangu stendi. Nakula, nalala, kanisani nakwenda, kwaya naimba, ingawa mwalimu wa kwaya ameniambia nimekuwa naimba kama mtu anayesoma. Simu ninayo. Mchezo sijaufuta. Naufungua, natazama viatu, naufunga.

Wewe unayesoma, una mtani? Mtanie. Mvue kofia, mchukulie kuku, siwakatazi, ni mila yetu na ni nzuri. Lakini kabla hujatia mkono kwenye chake, kaa naye kwanza! Muulize nyumbani kuna nani. Muulize kwa nini kitu fulani anakiuza ghali, halafu nyamaza usikilize, usijijibu mwenyewe kwa kicheko kama mimi. Akikwambia "acha tu", usiache! Muulize mara ya pili. Mwenzenu niliambiwa "acha tu" zaidi ya mwaka, nikadhani nimeshinda.

Niliuza kazi yote ya mikono ya mwanamke mmoja, na mpaka naandika haya sijui aliitwa nani.